Unasikiaje, Elia?

Majuzi nilitoka duka la dawa na vidonge vya siku saba, antibayotiki ya kikohozi kilichokuwa kimenigandia wiki nzima. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ukiikunjua inafunika nusu ya meza. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, achana nayo hiyo, hakuna anayeisoma." Mimi naisoma. Nilivaa miwani, nikasogea dirishani, nikaisoma yote mpaka nikafika kwenye orodha ya madhara yanayoweza kumpata mtu: kichefuchefu, kuhara, vipele, kizunguzungu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, mlio masikioni. Hapo nikaiweka karatasi mezani, nikalia. Mjukuu alidhani nimeiogopa dawa, akaanza kunibembeleza.

Ninyi wa umri wangu mtanielewa. Sisi tulikua wakati dawa haziji na karatasi. Zilikuja na mtu, na mtu yule akisahau jambo, au akilisema kwa neno lisilotosha, ndiyo basi.

Baba yangu aliitwa Elia, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya gari moshi katika stesheni ya Tabora. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanacheka, kazi gani hiyo. Treni ikiingia, iwe ya Kigoma, ya Mwanza au ya Dar es Salaam, abiria wanapokimbilia karanga na asali, baba alipita ubavuni mwa mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine huku ameinamisha kichwa. Gurudumu zima hulia ngiii, sauti nyembamba inayokawia hewani. Lenye ufa, hata ufa mwembamba ambao jicho haliuoni, hulia dup na kunyamaza. Kila alipogonga, baba alisema kwa sauti ya chini, "Hujambo?" Mimi niliyempelekea chakula cha mchana niliamini kabisa kwamba ile ngiii ni "sijambo" kwa Kijerumani, maana shuleni tuliambiwa kuwa reli ile ilijengwa na Wajerumani.

Nilimwona siku moja amesimama mbele ya behewa la daraja la tatu. Aligonga gurudumu mara tatu, akatoa chaki mfukoni, akachora msalaba. Abiria waliokuwa wanakwenda Tura wakapiga kelele, wana mizigo, wana wagonjwa, wana kuku watakaokufa kwa joto. Mkuu wa stesheni, Mzungu mwenye shingo nyekundu, akaja mbio, akainama, akatazama gurudumu lile juu na chini. Hakuona kitu. Akamfokea baba. Baba hakubishana naye, alisema tu, "Hili haliondoki, bwana." Behewa likakatwa kwenye treni. Kule karakana walipolipaka gurudumu mafuta, wakalifuta na kulipaka chokaa, mafuta yaliyojificha ndani yakachomoza juu ya ile chokaa, na ufa ukaonekana umejichora kama mshipa wa mkononi. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo kana kwamba nyundo ni yangu.

Babu yake baba alikuwa mpagazi. Aliwahi kubeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na baba alipenda kutuambia kwamba reli imelala juu ya nyayo za babu yake. "Babu alibeba kwa bega," alisema, "mimi nabeba kwa sikio." Alikuwa na majivuno, baba yangu. Sioni haya kulisema, alistahili kuwa nayo.

Kisha akaanza kukohoa. Mwanzoni mama alilaumu moshi wa treni, halafu vumbi la kiangazi, halafu akaacha kulaumu, kwa sababu leso ilikuwa na damu. Ugonjwa wa kifua kikuu siku zile hata kuutaja watu walishusha sauti. Tuliwajua majirani waliokwenda hospitali na kikohozi cha namna ile, tukajua pia kwamba hawakurudi. Baba akalazwa. Sisi watoto tulizuiwa kukaribia wodi, tukasimama nje ya ua wa minyaa tukimpungia mkono, naye akatupungia kutoka barazani amejifunga blanketi.

Ila bahati ilikuwa upande wetu, maana dawa mpya ilikuwa imefika, dawa ya sindano. Jina lake lilikuwa streptomaisini, na mtu pekee aliyeweza kulitamka bila kujikwaa alikuwa Zakaria, dresa wa wodi ile, kama tulivyowaita wauguzi wanaume wakati huo. Kila siku sindano moja. Baba alisema nyama ya kukalia imekwisha, sasa wanamchoma kwenye kumbukumbu. Ndani ya miezi miwili damu ikakoma, mashavu yakajaa, akaruhusiwa kulala nyumbani na kwenda hospitali kila asubuhi kuchomwa. Naomba hili nieleweke mapema: dawa ile ilimrudishia baba uhai, na mpaka leo naiheshimu.

Daktari, mama mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye sauti ya upole, aliijua dawa yake. Alijua kwamba inaweza kumdhuru mtu masikioni, na kumwondolea ule uthabiti unaomfanya mtu asimame wima bila kuwaza. Kwa hiyo alimwagiza Zakaria amuulize kila mgonjwa, kila siku, anasikiaje. Na Zakaria, mtu mwaminifu kupita kiasi, hakuacha hata siku moja.

"Unasikiaje, Elia?"

"Nasikia vizuri, bwana dresa. Leo nasikia nafuu kabisa."

Zakaria akaandika kwenye kadi: anasikia vizuri. Sindano ikaingia.

Sasa ninyi mnaokijua Kiswahili mmeshaona. Sisi tunasikia njaa. Tunasikia baridi, tunasikia maumivu, tunasikia harufu ya maharage yanayoungua kwa jirani. Sikio ni mahali pamoja tu kati ya pengi tunaposikilia. Baba aliulizwa habari za masikio yake, akajibu habari za kifua chake, na wote wawili wakaagana kwa furaha, asubuhi baada ya asubuhi.

Cha kwanza kuharibika kilikuwa kusimama. Mchana, macho yakiwa wazi, baba alitembea sawasawa. Lakini akifumba macho, aliyumba. Na sisi tulikuwa Wamoravian, watu wa kufumba macho mara nyingi. Jumapili moja, katikati ya sala ndefu, baba alipepesuka akamwangukia mtu wa benchi la mbele. Mzee mmoja wa kanisa akaja kumshika mkono, na huku anamshika akamsogelea mdomoni, akamnusa. Mmoravian wa siku zile na pombe ya kangara walipishana njia. Mama aliona pua ya yule mzee ilivyofanya kazi, akakasirika njia nzima mpaka nyumbani.

Nikamsikia mama akimwambia bibi, aliyekuja kutoka Kwihara kutusaidia, kwamba baba ana kizunguzungu. Mimi nikalielewa neno hilo kwa akili yangu: Mzungu mdogo sana, kizungu-kizungu, ameingia na sindano na sasa anatembea ndani ya baba akikagua kila mahali kama bwana shauri, mkuu wa wilaya. Sikuogopa. Nilifurahi kwamba baba amepata msimamizi. Bibi naye akanithibitishia bila kujua. "Muacheni," alisema. "Ikimyumbisha hivyo ndiyo dawa inafanya kazi."

Baada ya hapo baba akawa anasali macho wazi. Najua kwa sababu na mimi nilifumbua. Ilikuwa sala ya jioni, mama anaomba, bibi ameinamisha kichwa mpaka magotini, mimi nikachungulia kwa jicho moja na kukutana na macho mawili ya baba yakiwa yamekodolewa ukutani. Tulitazamana. Akaweka kidole mdomoni. Hakuna ambaye angeweza kumsemea mwenzake bila kujisema mwenyewe, kwa hiyo tukawa washirika. Nilidhani baba ametenda dhambi kubwa akiwa na mimi, na sijapata kupenda dhambi kama ile.

Chungu ndicho kilichomfichua. Wanawake wote wa makota ya reli walipotoka sokoni na vyungu vipya walimletea baba avigonge kwa kifundo cha kidole kabla hawajapikia. Ilikuwa desturi, na baba hakuwa amekosea hata mara moja. Siku hiyo mama alinunua chungu kikubwa cha maharage, akamwekea baba mapajani. Baba akakigonga huku na huku, kichwa kimeinama vilevile.

"Kizima," akasema.

Nilikuwa nimekaa miguuni pake, na masikio yangu yalikuwa yamesikia sauti kavu, iliyokufa palepale. Kilikuwa kibovu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini nani amkosoe baba, na kwa jambo lile hasa? Nikasema moyoni kwamba labda vyungu vina Kijerumani chao. Mama akakibandika. Maji yalipochemka, chungu kikapasuka, maharage yakazima moto, jiko lote likajaa majivu na mvuke. Bibi akaanza kumtukana mfinyanzi. Mama hakutukana mtu. Alisimama na mwiko mkononi akimtazama baba, ambaye alikuwa amekaa mlangoni ametupa kisogo, na hakuwa ameusikia mlio wa chungu kupasuka hatua chache nyuma yake.

"Baba Neema," akaita, kwa jina la dada yangu mkubwa. Baba akageuka, akatabasamu. "Naam?"

Maneno aliyasikia. Ndiyo maana tulikuwa hatujajua.

Asubuhi yake mama alifuatana na baba hospitali, mimi nyuma yao, na kichwani mama alibeba kile chungu chenye ufa. Watu njiani walimshangaa. Zakaria alipotuona akacheka.

"Karibu, Mama. Lakini chungu cha nini? Hapa hatupiki."

"Nimekuja kukuuliza, bwana dresa. Kila siku unamuuliza nini mume wangu?"

"Namuuliza anasikiaje. Ni agizo la daktari."

"Na yeye anakujibuje?"

"Anasikia vizuri. Tazama, nimeandika."

"Anasikia vizuri wapi?"

Zakaria akamwangalia. "Wapi?"

"Ndiyo, wapi? Kifuani au masikioni?"

Sijamwona mtu akibadilika uso haraka namna ile. Zakaria aliweka sindano kwenye sinia polepole, akamkalisha baba amkabili ukuta, akatoa saa yake ya mfukoni na kuisogeza nyuma ya sikio lake.

"Unasikia nini, Elia?"

"Nini hicho?"

"Saa."

Baba akasikiliza. "Imesimama," akasema.

Haikuwa imesimama. Mimi niliisikia kutoka mlangoni, tik, tik, tik, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Daktari akaitwa. Aliuliza maswali mengi, na safari hii Zakaria aliyatafsiri moja moja huku akishika sikio lake mwenyewe ili lisipotee lengo. Ndipo baba akasema kwamba kwa wiki kadhaa amekuwa na mlio kichwani, mwembamba, usiokatika. Kwa nini hakusema? Akainamisha uso. "Nilidhani ni kazi yangu inaniita," akasema. "Nimekaa siku nyingi bila kugonga."

Sindano zikasimamishwa siku ileile. Ataendelea na vidonge tu, daktari alisema, kwa muda mrefu, na kifua kinaonyesha kitapona. Kilichopotea masikioni hakitarudi. Maneno ya watu ataendelea kuyasikia, lakini sauti nyembamba, hapana. Zakaria alipomaliza kutafsiri alisimama mbele ya baba mikono imelegea. "Kosa ni langu, Elia." Baba akamshika bega. "Wewe hukuniuliza vibaya, na mimi sikukujibu uongo. Tusigombane." Nilikuja kusikia kwamba tangu siku ile Zakaria hakumuuliza tena mgonjwa yeyote anasikiaje. Alisimama nyuma yake na saa mkononi, akauliza, "Unasikia nini?" Wangapi walisalimika kwa neno lile moja, sijui, ila nampenda mtu anayeweza kubadilisha swali lake.

Miezi ikapita. Kifua kikapona kweli, baba akapewa cheti cha kurudi kazini. Cheti kilisema kifua ni kizima. Juu ya masikio hakikusema kitu, kwa sababu aliyekiandika alikuwa daktari mwingine, mgeni, na hakuulizwa. Nyumbani kila mtu alikijua cheti kile kilivyo, na hakuna aliyefungua mdomo. Kota tuliyoishi ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha, na shule yangu ya mjini imeisha nayo. Hatimaye bibi alisema. "Unatusikia tukiongea. Nani atajua?" Mama alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta muda mrefu kuliko mchele ulivyohitaji, na hakumuunga mkono bibi, wala hakumpinga.

Baba akachukua nyundo yake nyuma ya mlango, akanishika mkono, maana bado alihitaji mtu wa kumshikilia penye mawe. Tukaenda stesheni. Kwenye reli ya pembeni kulikuwa na behewa bovu limetengwa, msalaba wa chaki kwenye gurudumu, na jirani yake behewa zima linalosubiri safari. Akaligonga bovu, "Hujambo?" Dup. Akaligonga zima, "Hujambo?" Ngiii. Akarudia, mara mbili, mara tatu, akiweka kiganja nyuma ya sikio. Kisha akanitazama.

"Yote mawili yananijibu sawa," akasema.

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kinachofuata. Nikamwambia, "Baba, mimi nimesikia, hili ni zima na lile ni bovu. Nitakuwa nakuja nawe." Sikuwa namhurumia yeye tu, nilikuwa naililia shule yangu. Akanishika kichwa.

Niseme mapema yaliyotupata, ili mtu asibaki na wasiwasi: tulihama kota mwezi uliofuata, tukaenda Kwihara kulima karanga na viazi, na nilitembea kwenda shule na kurudi, maili ambazo sikuzihesabu, mpaka nikamaliza. Baba aliishi akazeeka, akasali macho wazi maisha yake yote, na kifua hakikumsumbua tena. Kelele za wajukuu wake, zile nyembamba za kuchosha, hazikumfikia, na mama alisema hiyo ndiyo faida pekee ya dawa ile.

Lakini siku ile, kutoka kwenye yale mabehewa tulikwenda moja kwa moja ofisini kwa foromani, Bwana Salumu, mtu wa Tanga, mwenye ndevu nyeupe, aliyemzidi baba miaka mingi na aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Bwana Salumu."

"Marahaba, Elia! Karibu, karibu. Umenenepa." Akakisoma cheti, akafurahi waziwazi. "Kesho treni ya Kigoma ni yako."

"Bwana Salumu, sisikii."

"Hujisikii vizuri bado? Ongeza wiki, hakuna neno."

"Najisikia vizuri kuliko miaka yote. Sisikii."

Bwana Salumu akaweka cheti chini. Alitazama mlango, kisha akasema taratibu, kama mtu anayemfungulia mwenzake njia ya kupita, "Mbona mimi unanisikia?"

"Wewe nakusikia, bwana," baba akasema. "Lakini wewe hubebi abiria."

Akalaza nyundo mezani, mpini ukimwelekea foromani, akanishika mkono, tukageuka kuondoka. Tulikuwa tumefika kizingitini niliposikia kiti kikisukumwa nyuma. Nikageuka. Bwana Salumu alikuwa amesimama, mzee mzima, mikono miwili kifuani.

"Shikamoo, Elia," alisema.

Baba aliendelea kutembea. Mpaka leo sijui kama hakusikia, au aliona haya kumwitikia marahaba mtu wa umri wa baba yake.